Dakika Ishirini Mlandege

Kitu cha kwanza anachofanya dada huyu wa maabara asubuhi ni kufuta meza ambayo tayari ni safi. Anachovya kitambaa kwenye ndoo ya maji yenye jiki, anakikamua mpaka kisidondoshe, kisha anafuta kuanzia ukutani kuja kifuani kwake, mstari baada ya mstari, kama mtu anayepanga matuta. Hazungushi mkono hata mara moja. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu bila kuinua kichwa: “Ukizungusha, unarudisha uchafu ulikotoka.”

Maabara yenyewe ni chumba kimoja Mlandege, hapa Iringa mjini. Ilikuwa mwisho wa Julai, na aliyewahi kuamkia Iringa mwezi huo anaijua baridi yake: maji ya bomba yanauma vidole, na akina mama wanaouza mboga barabarani wamejifunga vitenge juu ya masweta. Ndani kulikuwa na hadubini iliyofunikwa kwa kitambaa, friji ndogo, mashine ya kuzungushia damu yenye ukubwa wa sufuria ya pilau, na kipimajoto ukutani. Chini ya kipimajoto kulikuwa na kadi. Kila asubuhi na kila alasiri anaandika joto la chumba kwenye kadi hiyo, na sikuona siku iliyorukwa.

Wateja wake wanamwita daktari.

“Kamwene, daktari.”

“Kamwene, mzee. Mimi si daktari, mimi ni mtu wa maabara.”

“Haya, daktari.”

Nilikwenda kwa ajili ya ini. Tarehe 28 Julai ni Siku ya Homa ya Ini Duniani. Ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa Baruch Blumberg, mwanasayansi aliyegundua kirusi cha homa ya ini B. Mimi niliyekuwa namhofia ni ndugu yake, kirusi C, ambaye mpaka leo hana chanjo. Sababu ninayo kifuani: chale tatu ndogo, nilizochanjwa nikiwa na miaka sita hivi, siku moja na ndugu zangu watatu, kwa wembe mmoja. Aliyetuchanja alitutakia heri, na kati ya mtoto na mtoto aliufuta wembe kwa jani.

“Umekula, kaka?”

Nilikuwa nimekunywa chai ya rangi na chapati pale nje, dakika tano zilizopita. Akanionyesha benchi. “Basi kaa. Nusu saa.” Nikamwambia kwamba nina haraka kidogo. “Ini lako limekusubiri miaka yote hiyo,” akasema, “nusu saa haitaliumiza.”

Ile nusu saa ilinifaa kuliko nilivyotarajia, maana niliweza kumwangalia akihudumia wengine. Alikuja mama mwenye mtoto mwenye homa, akaja kijana na kikopo cha mkojo, akaja bibi aliyeshikwa mkono na mjukuu wake. Niligundua kwamba hamwambii mtu jina lake. Hasemi, “Wewe ndiye fulani?” Anasema, “Niambie jina lako, bibi,” kisha analinganisha na karatasi, ndipo anaandika kwenye kichupa, palepale, mgonjwa akiona. Baadaye alinieleza: mgonjwa aliyechoka huitikia jina lolote. Ukimuuliza kama yeye ni Mariamu, atakubali, hata kama ni Rehema. Damu ikishaingia kwenye kichupa chenye jina la mwingine, hakuna mashine duniani itakayoligundua kosa hilo.

Zamu yangu ikafika. Akanawa mikono, akaikausha, akavaa glovu mpya, akafungua boksi.

Kipimo cha mate hakikuwa kazi yake ya kila siku. Homa ya ini C amezoea kuipima kwa tone la damu ya kidole. Vijiti vya kinywani watu wa huku wanavijua zaidi kwa VVU, hasa tangu mwaka 2019 Bunge lilipobadilisha sheria na kuruhusu mtu kujipima mwenyewe. Cha homa ya ini C ni ndugu wa kile, kimetengenezwa na kampuni ileile ya Marekani, OraSure. Shirika la Afya Duniani lilikipitisha kwa matumizi ya wataalamu mwaka 2017, na Julai 2024 likapitisha toleo la kujipima, la kwanza duniani kwa ugonjwa huu. Kwa kuwa boksi lilikuwa geni mkononi mwake, alifanya jambo ambalo wengi wenye uzoefu wangeona aibu kulifanya mbele ya mteja: aliikunjua karatasi ya maelekezo, akaisoma yote, akafuata sentensi kwa ncha ya kalamu. Nilimpenda kwa hilo.

Pakiti ina vyumba viwili. Kimoja kina kijiti, kingine kina kichupa cha majimaji. Kabla ya kuchana alitafuta tarehe ya mwisho wa matumizi, akaisoma kwa sauti, akatazama kadi ya joto: vipimo hivi hutaka kukaa kati ya nyuzi 2 na 30, na katika hilo Iringa haina taabu. Akachana upande wa kijiti na kuchungulia kama kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu kimo. Kilikuwamo. “Kingekosekana ningeitupa pakiti nzima,” akasema. Kijiti kikiwa kimeshaonja unyevu wa hewa, hujui tena kinajibu nini. Halafu akafungua kichupa kwa kukitikisa kifuniko taratibu kulia na kushoto, bila kumwaga tone, akakisimamisha kwenye kishikio chake cha plastiki, kikiwa kimelala kidogo kama mtu aliyeegemea mlango.

Kijiti kina urefu wa mswaki, nacho kinafanana na mswaki ulionyolewa nywele: mpini, dirisha dogo katikati, na mwisho wake kitambaa bapa cheupe. Akakishika kwa mpini. Kile kitambaa hakikugusa glovu, wala meza, wala hewa kwa muda mrefu kuliko ilivyolazimu.

“Fungua mdomo, usitoe ulimi.”

Nilidhani atakipitisha chini ya ulimi, kwenye mate. Hapana. Alikilaza juu ya meno ya juu, upande wa nje, panapokutana ufizi na shavu, akakitembeza toka mwisho mmoja wa taya hadi mwingine, mara moja. Akakigeuza, akafanya vivyo hivyo chini, mara moja. Hakusugua. Mkono wake ulikwenda kwa mwendo uleule kuanzia gego hadi gego, bila kukimbia pale kwenye meno ya mbele ambako njia ni nyepesi.

Hapa ndipo penye siri ya kazi nzima, na ndipo jina “kipimo cha mate” linapopotosha. Mate yenyewe, yale yanayotujaa kinywani tukinusa nyama choma, hutoka kwenye tezi na kazi yake ni kulainisha chakula. Kingamwili za damu ndani yake ni haba. Lakini kati ya jino na ufizi kuna mfereji mwembamba, na ndani ya mfereji huo huvuja majimaji yatokayo kwenye damu, kidogokidogo, mchana na usiku. Hayo majimaji ya fizi huja na kingamwili zilezile zinazozunguka mishipani, ila zikishachanganyika na mate huwa zimezimuliwa mara mamia. Kitambaa hufuata hizo. Ndiyo maana mtu aliyetoka kunywa chai huambiwa akae benchini: kilicho kidogo hivyo hakitaki kuongezewa maji.

Akakitumbukiza kijiti ndani ya kichupa mpaka kitambaa kikagusa chini, dirisha likitutazama, akabonyeza saa yake ya kuhesabu dakika. Akaandika muda kwenye rejista kwa kalamu: saa 4 na dakika 12. Saa ya mezani na maandishi ya mkono, vyote viwili. Betri hufa, alisema.

Kwa dakika moja hivi hakikuonekana kitu. Kisha chini ya dirisha likachungulia wingu la waridi, likaanza kupanda. Ndani ya kijiti kuna utepe mwembamba, na ndani ya utepe kuna dhahabu. Watu wa Mbeya waliokulia na habari za Chunya na machimbo ya Lupa wanaijua dhahabu ya manjano; hii imegawanywa kuwa chembechembe ndogo kiasi kwamba haing’ai tena, imekuwa nyekundu kama juisi ya rozela. Majimaji yakipanda hubeba dhahabu hiyo, nayo hushikamana na kingamwili zilizotoka kwenye fizi. Njiani zinakuta mistari miwili isiyoonekana. Wa kwanza, kwenye herufi T, umetandikwa vipande vya protini vilivyotengenezwa vifanane na vya kirusi C. Kama kati ya kingamwili zako zimo zilizowahi kupigana na kirusi hicho, zitanasa hapo pamoja na dhahabu yake, na mstari utajichora. Wa pili, kwenye herufi C, hunasa kingamwili yoyote ya binadamu. Huo lazima utokee. Usipotokea, maana yake kitambaa hakikufika kwenye fizi ipasavyo au kijiti ni kibovu, na kila kitu kinarudiwa upya.

Mstari wa C ulianza kuonekana dakika ya sita. Kwenye T, weupe. Nikainuka.

“Bado,” akasema.

Maelekezo yanataka dakika 20, na zisizidi 40. Kabla ya 20, mstari hafifu unaweza kuwa bado uko njiani. Baada ya 40, utepe ukianza kukauka, rangi inaweza kudanganya. Mlango wa kusoma umefunguliwa katikati hapo, na yeye hausukumi. Aligeuza kijiti kidogo ili mimi nisikione, akaendelea na kazi nyingine. Nilielewa baadaye kwamba alifanya hivyo kwa wema. Mtu akiangalia dirisha lile kwa dakika 20 mfululizo huanza kuona mistari isiyokuwepo.

Nikiwa benchini nilimfikiria Michael Houghton, mgunduzi wa kirusi C, na wenzake, Qui-Lim Choo na George Kuo, katika kampuni ya Chiron kule California, wakishirikiana na Daniel Bradley. Miaka ya 1970 Harvey Alter alikuwa ameonyesha kwamba watu wanaoongezewa damu walipata homa ya ini isiyo A wala B, na kwa muda mrefu hilo ndilo lilikuwa jina lake, jina la kukanusha tu: isiyo A wala B. Kirusi hakikuonekana kwenye hadubini wala hakikukubali kuoteshwa maabara. Kundi la Houghton lilikata vinasaba kutoka damu ya sokwe aliyeambukizwa, likavipandikiza kwenye bakteria, likaanza kupekua kipande baada ya kipande, kwa miaka. Katika vipande kama milioni moja, kimoja tu kilijibu. Kutoka kipande hicho walikijua kirusi mwaka 1989, hata kabla hakijawahi kuonekana sawasawa kwa macho. Alter, Houghton na Charles Rice walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Zile protini zilizotandikwa kwenye mstari wa T ni wajukuu wa kipande kile kimoja.

Kwa sababu hiyohiyo leo kila damu inayotolewa na wachangiaji nchini kupitia Mpango wa Taifa wa Damu Salama, pamoja na ile ya kituo cha kanda kilichoko Mbeya, hupimwa VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende kabla haijamwingia mgonjwa. Katika Tanzania, walioelemewa zaidi na kirusi C ni wanaojidunga dawa za kulevya kwa sindano za kuchangia. Na asiyeamini kwamba sindano ya nia njema inaweza kuleta balaa aitazame Misri. Kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980 serikali ilitibu kichocho kwa sindano, kijiji kwa kijiji, sindano zikitumika tena bila kutakaswa vya kutosha, na kirusi C kikasambaa mpaka nchi ikawa miongoni mwa zilizoathirika kuliko zote. Mwaka 2018 walianza kupima mamilioni ya watu kwa damu ya kidole na kuwatibu, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likawatambua kwa hatua kubwa waliyopiga.

Mzee mmoja aliyekuwa pale benchini, aliyesikia mazungumzo yetu, akauliza swali ambalo mimi nililionea haya. Kama ugonjwa huu unapimwa kwa mate, je, hawaambukizani wanaokunywa ulanzi kwa kikombe kimoja?

Dada wa maabara aliacha alichokuwa akifanya. Akavua glovu kwanza, akageuka kumtazama. “Hapana, mzee. Mimi sitafuti kirusi kwenye mate. Natafuta askari wa mwili waliopigana nacho.” Akaongeza kwamba wanasayansi wamekitafuta na kirusi chenyewe, kwa kipimo cha PCR, na kwa baadhi ya wagonjwa wamekuta vinasaba vyake kwenye mate. Hata hivyo homa ya ini C haienezwi kwa kula pamoja, kubusu wala kuchangia kikombe. Njia yake ni damu kwa damu: sindano, wembe, vyombo vya tohara au vya meno visivyotakaswa, mara chache mama kwa mtoto. “Ila ulanzi wenyewe,” akasema, “ukishachacha na ukizidi, ini linaujua. Mwenye kirusi C akinywa pombe, makovu yanakuja mbio zaidi.” Mzee akacheka, akasema yeye anakunywa ule mtamu. Hakuna aliyemwamini.

Saa ikalia. Hakukurupuka. Akavaa glovu mpya, akasogeza taa, akakigeuza kijiti kilichokuwa kimenipa mgongo. Alikisoma kikiwa wima, kisha akainamisha kichwa na kukisoma kutoka pembeni, maana mstari hafifu mara nyingine hujificha kwenye mng’aro wa plastiki. “Hata ukiwa kama uzi wa buibui, ni mstari,” alisema. Akaandika jibu kwenye rejista. Akafumba macho kidogo, akafumbua, akasoma tena, akalinganisha na alichoandika. Ndipo akaniangalia.

“Hasi.”

Sikujua kwamba nilikuwa nimeshikilia ukingo wa benchi. Lakini hakuniachia nikimbie na furaha yangu. Aliniuliza kama katika miezi mitatu iliyopita nimechomwa sindano mahali pasipoeleweka, au kuchorwa tatuu, au kuongezewa damu. Mwili huchukua wiki kadhaa, mara nyingi miezi miwili au zaidi, kutengeneza kingamwili za kutosha kuonekana. Jibu la leo linazungumzia mwili wa wiki kadhaa zilizopita. Kwa chale za utotoni, hilo halina shaka. Kwa jambo la mwezi uliopita lisingetosha.

Nikamuuliza ingekuwaje kama mstari wa T ungetokea. Akavuta kiti, nami nadhani hapo ndipo nilipouona ufundi wake wote, ingawa mikono yake haikuwa ikifanya kitu.

Mstari wa T, alisema, ni kumbukumbu. Unasema kirusi kiliwahi kuingia. Hausemi kama bado kimo. Takribani watu watatu katika kumi hukifukuza wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa, na kingamwili hubaki miaka mingi baada ya adui kuondoka. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba ana homa ya ini ni kumkata maini bure. Kwa hiyo jibu chanya la kijiti hufuatwa na damu ya mshipa: kichupa chenye kifuniko cha zambarau, mashine ya kuzungusha, majimaji ya juu yakatenganishwa kwa uangalifu yasichanganyike na chembe, kisha PCR ya kutafuta kirusi chenyewe. Mashine za GeneXpert, ambazo hospitali nyingi nchini zinazo kwa ajili ya kifua kikuu, zina katriji ya kazi hiyo pia.

Kirusi kikionekana, swali linahamia kwenye ini lenyewe. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na tabia yake mbaya ni uvumilivu: halipigi kelele. Kati ya wanaobaki na kirusi, 15 hadi 30 katika kila 100 hufikia ini kusinyaa ndani ya miaka 20, na wengi wao hawakuumwa hata siku moja njiani. Kuna njia ya kulisikiliza bila kulikata. Alichukua karatasi akaniandikia: kimeng’enya kiitwacho AST, gawanya kwa kiwango chake cha juu cha kawaida, gawanya tena kwa idadi ya chembe sahani za damu, zidisha kwa 100. AST ikiwa 80, kiwango cha juu 40, chembe sahani 100: jibu ni 2. Hesabu hiyo, iitwayo APRI, imetumika tangu 2003. Chini ya 1 daktari hupumua. Ikifika 2, huanza kufikiria ini lililosinyaa. Alipiga hesabu kwa mkono, ingawa simu ilikuwa mezani, akaipigia mstari chini kama mwanafunzi. Dawa zipo, alisema; wiki 12 za vidonge, na zaidi ya 95 katika kila 100 hupona kabisa. Lakini lazima kwanza ajulikane ni nani mwenye kirusi, na hapo ndipo yeye na meza yake wanapohusika.

Kijiti changu kilitupwa kwenye ndoo ya taka za hatari saa 4 na dakika 41. Aliuandika na muda huo.

Nawe ukienda kupimwa kwa njia hii, usile wala kunywa kwanza, na uende ukiwa na muda wa kutosha. Anayekupa jibu la kijiti hiki kabla ya dakika 20, mwombe kwa adabu arudie.